Safari ya Kamukunji na sanduku kuukuu

Je, mpenzi msomaji, umewahi kufika Kamukunji? Sisemi kupita ukiwa ndani ya matatu, umefunga dirisha kwa kuhofia vumbi na wanyakuzi wa simu. Nasema kushuka, kuingia katikati ya vibanda vile kwa miguu yako na kukaa humo saa tatu au nne mpaka masikio yazoee. Ikiwa hujafika, basi nifuate leo. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kwa maana chini kumejaa vipande vya bati vikali kama wembe, na pesa zako zitie mfuko wa mbele.

Kutoka katikati ya jiji la Nairobi si mbali. Elekea Muthurwa, uifuate barabara ya Landhies, ukipite kituo cha mabasi ya mashambani ambacho wengi wetu tungali tunakiita Machakos Country Bus. Baada ya hapo huna haja ya kuuliza njia. Kamukunji husikika kabla ya kuonekana. Kwanza utasikia nyundo moja, kisha kumi, kisha mlio mmoja mzito kama mvua ya mawe juu ya paa la shule. Mgeni hudhani kuna ugomvi. Hakuna ugomvi, watu wako kazini.

Mimi nimeishi jijini humu miaka mingi na hata hivyo nilikuwa naenda Kamukunji kama watu wengi waendavyo: nafika, napigania bei, nabeba, natoroka. Mwezi uliopita ilinilazimu kukaa mchana kutwa. Nilifuatana na binti yangu, ambaye alikuwa akijitayarisha kwenda shule ya bweni, na tulibeba mizigo miwili. Wa kwanza ulikuwa sanduku langu la bati, ambalo nilikwenda nalo shuleni mwaka 1988, na ambalo sasa lilikuwa limeoza kitako. Wa pili ulikuwa jiko la makaa nililonunua Aprili katika vibanda hivyo hivyo, likapasuka udongo wake kabla ya kutimiza miezi mitano. Sanduku nilitaka lirekebishwe. Kuhusu jiko, nilitaka kumpata aliyeniuzia nimwambie maneno yangu.

Binti yangu, kwa upande wake, hakutaka sanduku kuukuu. Alitaka begi lenye magurudumu kama aliloliona kwa jirani. Bahati nzuri barua ya shule ilisema wazi kwamba ni sanduku la bati lenye kufuli imara, ikaumaliza ubishi nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa: jipya au la mama? Alinitazama kama mtu aliyeambiwa atavaa sare ya bibi yake.

Jua kali na kivuli

Wacha kwanza nikueleze mahali penyewe. Kiwanja cha Kamukunji kimeingia katika historia yetu kwa mikutano yake. Ni hapo ndipo wapigania mfumo wa vyama vingi walipoitisha mkutano wa Julai 7, 1990, siku tunayoiita Saba Saba. Hata leo wanafunzi wakikutana ghafla kujadili jambo, husema wanafanya kamukunji. Lakini kando ya siasa kuna watu ambao hawakuacha kugonga bati, vyama viwe kimoja au mia.

Watu hao ndio waliolipa neno jua kali maana yake ya pili. Walifanya kazi nje, juani, bila paa, na jina la mateso yao likawa jina la kazi yao. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyosema jambo ambalo wataalamu wengi hawakuwa wakilitamka: kwamba mafundi hawa hawakuwa wazururaji wa kufukuzwa mjini, bali walikuwa wakitoa bidhaa na kazi kwa mtaji mdogo na kwa malighafi ya hapa hapa. Ripoti hiyo ndiyo iliyolieneza duniani jina la sekta isiyo rasmi. Hapa nyumbani ilichukua muda zaidi. Mwaka 1985 Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, alizuru Kamukunji, na mafundi wakajengewa vibanda vya kuwapa kivuli. Mwaka uliofuata, waraka wa Serikali kuhusu uchumi ukaizungumzia jua kali kama sehemu ya mipango ya nchi.

Kwa hiyo leo wengi wana kivuli, ingawa si wote. Ukiingia ndani utaona kwamba vibanda vimepangika kwa kazi, wala si ovyo kama inavyoonekana kutoka barabarani. Hawa ni wa makarai na sufuria. Wale ni wa wilibaro. Pale ni vyombo vya kulishia na kunyweshea kuku, kule ni vikaangio vya chapati, na mbele zaidi kuna masanduku yaliyopangwa mpaka juu, mekundu, ya buluu na meusi, mengine yamechorwa maua. Hakuna fundi anayefanya kila kitu peke yake. Mmoja hukata, mwingine hukunja, wa tatu hupiga ribiti, wa nne hupaka rangi. Vijana wa mikokoteni hupita katikati wakipaza sauti, na usipowapisha watakufundisha kupisha.

Malighafi yenyewe ni nini? Baadhi ni bati jipya kutoka madukani. Lakini sehemu kubwa ilikuwa kitu kingine kabla ya kufika hapa. Pipa la mafuta la lita 200 hupasuliwa kwa tindo na nyundo, likalazwa chini na kupondwa hadi likanyooka kama mkeka. Nilimwona kijana mmoja akifanya kazi hiyo na nikajaribu kuhesabu mapigo yake. Nilichoka mimi kabla yake.

Kitako kipya

Fundi wa masanduku tuliyemfikia ni mzee wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana na miwani iliyofungwa kwa uzi. Binti yangu alimwamkia, naye akaitikia, kisha akalichukua sanduku langu bila kuuliza bei wala historia. Aliligeuza juu chini. Akapitisha kidole kwenye kingo.

"Hili lilitengenezwa na mtu anayejua," alisema. "Mama, umelitunza wapi?"

Nilimwambia lilikuwa chini ya kitanda, kwenye sakafu ya saruji. Akatikisa kichwa. Bati halipendi saruji yenye unyevunyevu, akaniambia, ningeliinua hata kwa vijiti viwili tu kitako kingedumu zaidi. Lichukue neno hilo, msomaji, kama una mtoto shuleni.

Kisha akaanza kumwonyesha binti yangu namna sanduku lilivyoundwa. Nami nilisogea karibu, kwa sababu nilikuwa nimeishi na kitu kile zaidi ya miaka thelathini bila kukitazama. Kingo za juu hazikukatwa zikaachwa. Zimekunjwa kuzunguka uzi wa waya, ndiyo maana hazikati mkono na ndiyo maana mdomo wa sanduku haupindi hata ukilikalia. Pande zake hazikulehemiwa. Zimekunjiwa ndani ya nyingine kama viganja viwili vinavyoshikana, kisha zikapondwa. Bawaba na mahali pa kutia kufuli vimeshikwa kwa ribiti ambazo unaweza kuzikata vichwa kwa tindo, ukaweka nyingine.

"Kila kilichofungwa hapa kwa nyundo kitafunguka kwa nyundo," akasema.

Akakifungua kitako palepale. Kazi ilimchukua muda mfupi kuliko ambao mimi huchukua kumenya viazi vya familia. Bati lililooza likatoka kipande kizima, na mtoto mmoja wa kazi akalitupa kwenye rundo la vyuma vikuukuu, ambako lilikuwa na thamani bado kwa wanaonunua kwa kilo. Fundi akapima bati jipya, na hapo akaniuliza swali ambalo nilikuja kulikumbuka baadaye siku hiyo: nataka geji gani?

Wengi wetu hudhani geji kubwa ndiyo bati nene. Ni kinyume. Nambari ikipanda, unene unashuka. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni nyembamba zaidi, ukiibonyeza kwa kidole gumba inalia. Muuzaji asiye mwaminifu hukuambia "hii ni geji 32, mama, kubwa kabisa," nawe unashukuru na kulipa. Tulichagua geji 28.

Wakati anakata, mawazo yangu yalirudi nyumbani, kwenye birika la umeme. Nililinunua dukani mwaka jana, jeupe, zuri, lenye taa ndogo ya samawati. Lilichemsha maji kwa miezi kumi na moja, siku moja likanyamaza. Nililipeleka kwa kijana anayetengeneza redio mtaani kwetu. Alilizungusha mara mbili tatu akanionyesha skrubu mbili kitakoni, zenye matundu ya pembe tatu, ambazo bisibisi yake ya kawaida haikuweza kuzishika. Alipofanikiwa kuzitoa akakuta sehemu iliyobaki imegandishwa kwa gundi. Hitilafu, alikisia, ni swichi isiyogharimu hata bei ya mkate. Lakini kuifikia ilibidi avunje birika. Alivunja. Nikanunua birika jingine, na lile la kwanza likaenda na takataka za mtaa, yamkini mpaka Dandora, ambako jaa la Nairobi lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na takataka zikaendelea kumwagwa.

Usidhani skrubu ya pembe tatu ilikuja kwa bahati mbaya. Kuna aliyekaa mezani akaamua. Na uamuzi wa namna hiyo una historia ndefu. Mnamo Desemba 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu za umeme, wakiwemo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, walikutana mjini Geneva, Uswisi, wakaunda muungano ulioitwa Phoebus. Waligawana masoko, kisha wakaafikiana kwamba balbu isiwake zaidi ya saa 1,000, ingawa balbu za siku hizo zilikuwa zikiwaka saa 1,500 na hata 2,000. Balbu zilipelekwa kupimwa, na kampuni iliyotoa balbu inayodumu kupita kiasi ilitozwa faini. Fikiria fundi wa Kamukunji akitozwa faini kwa sababu sanduku lake limekataa kuoza! Muungano huo ulisambaratika Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, lakini wazo lenyewe halikufa.

Siku hizi nchi kadhaa za Ulaya zinajaribu kurudi nyuma. Ufaransa, Januari 2021, ilianza kuwataka wauzaji wa simu, kompyuta, runinga, mashine za kufulia na za kukatia nyasi waandike kwenye bidhaa alama kati ya 0 na 10 kuonyesha ni rahisi kiasi gani kuitengeneza ikiharibika: je, inafunguka, je, vipuri vinapatikana, bei yake ni gani. Sheria ya namna hiyo ingekuja kwetu, birika langu lingepata ngapi? Na sanduku la 1988?

Nilimweleza fundi habari za alama hizo. Alisikiliza kwa adabu, misumari mdomoni, kisha akaitema na kusema kwamba yeye huwapa watu alama kwa kuangalia wanarudi au hawarudi.

Jiko na maneno yangu

Kitako kilipokwisha, sanduku likapelekwa kwa mpaka rangi, nasi tukaenda kutafuta aliyeniuzia jiko. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani.

Kabla sijakwambia yaliyonipata, ujue jiko hili si kitu kidogo. Majiko ya zamani yalikuwa ya bati tupu. Inasemekana yaliigwa kutoka kwa Wahindi waliokuja kujenga reli mwishoni mwa karne ya 19. Yaliunguza makaa kama kwamba makaa hayana mwenyewe, na joto jingi liliishia ubavuni badala ya kuingia sufuriani. Kisha bei ya mafuta ikapanda duniani katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ukaandaa hapa Nairobi kongamano kuhusu nishati mpya na zinazoweza kurejeshwa. Katika miaka hiyo shirika la KENGO, Wizara ya Kawi na washirika wao walichukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand, lenye udongo ndani, wakalifanyia mabadiliko pamoja na mafundi wa jua kali. Jiko lililotoka hapo ndilo hili unalolijua: mdomo mpana, kiuno chembamba, kitako kipana, na bakuli la udongo lenye matundu katika nusu ya juu.

Umbo hilo si pambo. Kitako kipana ni kwa ajili ya ugali. Mtu anayesonga ugali husukuma na kuvuta kwa nguvu, na jiko lisilo na msimamo humwaga sufuria pamoja na moto. Kiuno ndicho kinachobeba udongo usishuke. Udongo hushika joto na kulirudisha chini ya sufuria, hivyo makaa yanayotumika hupungua kwa asilimia 30 hadi 50 yakilinganishwa na jiko la bati tupu. Udongo ukichakaa hutolewa, ukatiwa mwingine, bati likabaki. Na jambo linalonifurahisha zaidi: muundo wenyewe uliachwa wazi. Mafundi waliigana, wakashindana, bei ikashuka, na jiko likavuka mipaka kwenda Uganda, Tanzania, Rwanda na kufika Ethiopia, ambako huitwa Lakech.

(Neno moja kabla sijaendelea, kwa wanafunzi mnaokodi vyumba: jiko la makaa, liwe bora namna gani, msilale nalo chumbani. Gesi yake haina harufu wala haibishi hodi.)

Kuigana kuna upande wake mwingine. Kinachoigwa kwa urahisi ni umbo. Udongo ulioiva tanurini hauonekani kwa macho.

Basi tukamkuta mwenyewe, mwanamume wa umri wangu, ameketi kwenye kigoda kati ya majiko mapya. Sikumsalimu vizuri, nakiri. Nililiweka jiko mbele yake nikamwonyesha ufa uliopita kutoka ukingoni hadi kwenye matundu.

Alilichukua, akaligeuza, akatazama alama mbili za tindo kitakoni. "Hili ni langu, mama," akasema. Sikutarajia akubali haraka namna hiyo.

"Basi mbona limepasuka? Hata miezi mitano!"

"Ulilipa ngapi?"

Nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka. Alikuwa ametaja shilingi 750. Mimi nikataja 300. Nikaondoka hatua kumi kama ilivyo desturi, akaniita, nikarudi, nikaondoka tena. Mwisho tulikutana kwenye 450 na nikaenda nyumbani nikijisifu kwa majirani.

Akachukua bakuli mbili za udongo kutoka nyuma ya kibanda, akaziweka mbele ya binti yangu. Zilifanana kama pacha. "Gonga," akamwambia. Binti yangu akagonga ya kwanza kwa kifundo cha kidole, ikalia wazi, karibu kama kengele. Akagonga ya pili. Ilitoa sauti ya kuni mbichi.

"Ya kwanza imekaa tanurini mpaka ikaiva. Kuni zake zina bei yake. Ya pili ilitolewa mapema. Mteja akisema mia nne na hamsini, sina pengine pa kupunguza, mama. Bati ni bei moja, rangi ni bei moja, mwenye kibanda anataka kodi ileile. Napunguza kwenye udongo."

Nilikasirika, na nadhani nilikuwa na haki kidogo. Nilimwambia kwamba alijua udongo ni mbichi na hakuniambia. Angesema, ningeongeza. Je, ningeongeza? Hakunijibu hivyo. Alitazama pembeni kidogo, kisha akasema, "Ilikuwa Aprili. Shule zilikuwa zinafunguliwa. Hata mimi nilikuwa na orodha ya shule nyumbani."

Tulibaki pale kimya, watu wazima wawili, na nyundo zikiendelea. Yeye aliniuzia kitu alichojua ni kibaya. Mimi nilimlazimisha kukitengeneza. Sisemi makosa yetu yanalingana, kwa kuwa mimi ningeweza kuongeza shilingi 200 siku ile bila kulala njaa, na sina hakika yeye angeweza kunikatalia bila kulala njaa. Nimelitafakari jambo hili tangu siku hiyo kila ninapomwona mtu anavutana na mama mboga kwa shilingi tano.

Alitoa udongo uliopasuka, akatia ule uliolia kama kengele, akaushindilia. Nililipa bei aliyotaja. Alipunguza mwenyewe shilingi 50, nami sikumwuliza kwa nini.

Vyuma vinatoka wapi?

Nisingekuwa mkweli kama ningekuacha ukidhani Kamukunji ni pepo ya wapenda mazingira. Yule mzee wa masanduku alinisikia kwa shida. Ilibidi binti yangu arudie maswali yangu kwa sauti. Miaka mingi ya nyundo imemla masikio, na sikumwona hata fundi mmoja aliyeziba masikio yake. Glavu niliziona kwa wachache. Mapipa mengine yalibeba kemikali kabla hayajageuzwa vyombo, kwa hiyo ukinunua karai la kutilia chakula, uliza lilikuwa nini zamani, na usipopata jibu la kuridhisha litumie kwa mchanga.

Tena kuna swali la vyuma vikuukuu vyenyewe. Si kila chuma kinachofika kwenye mizani ya wanunuzi kilitupwa na mwenyewe. Vifuniko vya mitaro ya maji machafu hupotea usiku. Vyuma vya kingo za barabara hupotea. Januari 2022 nguzo za laini ya umeme mkubwa kutoka Kiambere hadi Embakasi zilianguka baada ya vyuma vyake kuharibiwa na wezi, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Mwezi huo huo Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, marufuku iliyoondolewa mwezi Mei. Fundi mmoja wa wilibaro aliniambia kwamba miezi hiyo walinunua chuma kipya kwa bei ya kuumiza, na wengine walifunga vibanda. Nilimwuliza kama yeye huuliza chuma kimetoka wapi. Akacheka, si kwa dharau. Akaniuliza kama mimi huuliza nguo za mitumba ninazonunua Gikomba zimetoka wapi.

Gikomba iko hapo hapo jirani, ng'ambo kidogo tu. Nilikuwa nimevaa sweta ya huko.

Saa kumi sanduku lilikuwa tayari. Binti yangu alikuwa amechagua buluu, na alimwagiza mpaka rangi alifunike jina langu kabisa. Mpaka rangi alitii. Lakini rangi ya zamani ilikuwa nene, na ukiliinamisha sanduku upande wa mwanga, herufi zangu za 1988 zinaonekana zimevimba chini ya zile zake nyeupe. Hakuliona jambo hilo pale, nami sikumwonyesha. Kitako, rangi na kazi vilinigharimu chini ya nusu ya bei ya sanduku jipya, na kiasi kilichobaki nilikuwa nimekwisha kumwahidi kitakwenda kwenye viatu. Usinihukumu, mzazi mwenzangu. Kuna watoto wanaoshawishika kwa hoja na kuna wanaoshawishika kwa viatu.

Tulitembea kurudi kwenye matatu, yeye akishika sanduku upande mmoja nami upande mwingine, jiko likiwa ndani limefungwa kwa gazeti. Makanga alitaka nauli ya mtu wa tatu kwa ajili ya mzigo. Tulibishana naye mpaka gari likaondoka, na kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa, akalivuta sanduku katikati ya njia na kulikalia juu.

"Usikae hapo," binti yangu akamwambia. "Litakuharibia suruali, rangi haijakauka."

Makanga akalipiga kifuniko kwa kiganja, akasikiliza mlio wake, akasema, "Hili ni zito, si la siku hizi. Mmelinunua kwa nani?" Aliposimama kwenye kituo cha kwanza kupakia watu, kitako cha suruali yake kilikuwa buluu kama anga.

Binti yangu aligeukia dirisha ili asionekane anacheka.